Sifuri ya Shemeji

Nilipoufikia mstari ule niliisukuma kibodi mpaka ikagonga kikombe, chai ikamwagika mezani. Sikuifuta.

Kazi yangu ni kusoma msimbo wa kompyuta ulioandikwa na wenzangu kabla haujaingia kwenye mashine. Asubuhi ile nilikuwa nasoma draiva, ile programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo na kuzungumza na kifaa chenyewe. Kifaa kilikuwa kihisi joto, kidude kinachobandikwa kwenye tumbo la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Juu ya kitanda chake kuna heta. Kihisi kikisema mtoto ana baridi, heta inaongeza moto; kikisema joto limetosha, inapunguza. Hakuna ujanja mwingine.

Lakini vihisi huharibika. Waya hulegea, gundi huachia. Ndiyo maana draiva zetu zina desturi: ikiulizwa, draiva hujibu sifuri kama mambo ni shwari, na namba hasi kama kuna tatizo. Kwetu sifuri ni habari njema. Mwandishi wa draiva hii alikuwa ameiagiza hivi: kihisi kisipojibu, chukua kipimo cha mwisho ulichonacho, kipeleke kwenye heta na skrini kana kwamba ni kipya, kisha jibu sifuri. Pembeni akaacha maelezo yake: "Hitilafu ndogo. Puuza."

Ndogo kwa nani? Kama kipimo cha mwisho kilikuwa cha baridi, heta itawaka tu, na skrini itamwambia muuguzi kwamba kila kitu kiko sawa. Mtoto mwenyewe hajui hata kusema "moto".

Na mwandishi alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyempigia debe akapata kazi. Bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Draiva ingekataliwa, mkataba wake ungeota mbawa, na mdogo wangu ana mimba kubwa. Yote hayo niliyajua nilipokuwa naupiga teke mlango wa chumba cha majaribio.

Alikuwa anakaza skrubu kwenye kitanda cha mfano huku anapiga mluzi.

"Karibu, shemeji. Mbona leo sura ya kazi?"

"Hii sifuri umeitoa wapi?"

Mluzi ukakatika. Hakujifanya haelewi, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Mwanzo niliandika vizuri," akasema. "Kihisi kikinyamaza, kengele inalia. Bosi akasema inalia ovyo, wateja watadhani mashine mbovu. Akaniambia funika kombe mwanaharamu apite."

"Na wewe ukafunika."

"Ningefanyaje? Kazi yangu iko mkononi mwake. Mdogo wako hali yake unaijua."

"Usimtaje mdogo wangu! Unangoja mtoto wako, halafu unaandika kitu cha kuwababua watoto wa wenzio? Una akili kweli wewe?"

Nilikuwa nafoka mpaka mafundi wa chumba cha pili wakanyamaza. Yule kijana nampenda kama tumetoka tumbo moja, na wakati ule ningeweza kumzaba kibao.

Bosi akaingia. Alikuwa amevaa suti yake ya wageni, maana watu wa hospitali walikuwa wanakuja mchana kuchukua mashine za kwanza.

"Pilipili," akaniita kwa jina walilonibandika hapo kazini, "bado hujaidhinisha?"

"Siidhinishi."

"Hasira hasara, dada. Tutarekebisha kwenye toleo lijalo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, bosi. Na hapa kitawapata watoto."

"Basi kaa pembeni. Mimi na mwandishi tukiidhinisha, inatosha." Akamgeukia shemeji. "Bonyeza kuidhinisha, kijana, tumalize."

Nilimtazama shemeji, naye akatazama chini.

Kisha akawasha kitanda cha mfano, ambacho tayari kilikuwa na draiva yake. Akabandika kihisi kwenye godoro. Skrini ikaonyesha baridi, na heta ikaanza kupata wekundu. Akachomoa waya wa kihisi, akakunja shati, akaulaza mkono wake pale anapolazwa mtoto.

"Unafanya nini?" bosi akauliza.

"Naijaribu kazi yangu."

Skrini haikushtuka. Namba ileile, na taa ya kijani pembeni yake. Heta ikazidi kuwaka hadi mimi niliyesimama kando nikahisi joto usoni. Jasho likaanza kumtiririka shingoni. Nilimshika bega, nikamwambia yatosha, nimeelewa, kila mtu ameelewa. Akatikisa kichwa. Ngozi ya mkono ilikuwa imeanza kuiva.

"Toa mkono!" bosi akafoka. "Utaungua, wewe!"

"Skrini inasema bado kuna baridi, bosi."

"Achana na skrini! Skrini inadanganya!"

Alipokisikia alichosema, akainama akang'oa plagi ukutani. Akabaki amechuchumaa na suti yake, waya mkononi, anahema.

"Wapigieni watu wa hospitali," akasema hatimaye. "Waambieni wasije."

Mimi nilikuwa nimeshamburuta shemeji hadi kwenye bomba, nammwagia maji mkononi, namtukana kila tusi ninalolijua, na machozi yananitoka.