Marehemu Aliyeomba Mkate

Mume wangu Nebseni alikuwa na hirizi ya kila kitu isipokuwa uvivu. Shingoni alivaa Jicho la Horo la kuzuia husuda, kiunoni fundo jekundu la Isisi, na mguuni kidude cha kufukuza nge. Akitembea alilia kama mbuzi mwenye kengele.

Mwaka ule mfereji wetu ulijaa matope, na msimamizi Userhati akapita kuita watu wa kuuzibua kabla Mto haujafurika. Kila nyumba mtu mmoja. Mwanamume akikwepa, huchukuliwa mkewe, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga, Meri, mgongoni. Nebseni alilijua hilo vizuri. Akaniambia nitulie.

Akafungua sanduku lake la mazishi, akatoa kisanamu cha buluu kilichokumbatia majembe kifuani. Vile tunavyozikwa navyo: ukifika kwa Osiri, mfalme wa wafu, ukaitwa shambani, chenyewe huitika "Mimi hapa" kwa niaba yako, nawe ukaendelea kulala.

"Kama Osiri anakikubali," akasema, "Userhati ni nani akikatae?"

Akakipeleka mferejini, nami nyuma yake, akakisimamisha kwenye tope. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Userhati hakucheka. Alikiokota, akasoma jina lililochorwa, akanigeukia mimi.

"Hiki huwaitikia wafu tu. Basi Nebseni ameshafariki. Pole sana, Mama Meri. Nyumba ya mjane haiitwi."

Nebseni alirudi nyumbani akijisifu. "Umeona akili, mke wangu?"

Nilifumua nywele, nikajipaka matope kichwani, nikakaa mlangoni kuomboleza. Nilianza kwa kumkomoa, nikajikuta nalia kweli. Miaka yote ile nilipanda peke yangu na kuvuna peke yangu. Ujane haukuwa mgeni kwangu.

Jioni akataka chakula. Nikasimama mbele yake, nikainua mkono, nikamsomea maneno tunayowasomea wafu wetu makaburini: "Mikate elfu, mitungi elfu ya bia, ng'ombe elfu na bata elfu, kwa roho ya Nebseni." Kisha nikaingia ndani, nikala dengu zangu.

"We Henuti, acha utani. Nina njaa."

"Marehemu hushiba maneno, Baba Meri. Au makuhani wanatudanganya?"

Angesema ndiyo, sanduku lake lote lingekuwa takataka. Akaenda kwa majirani. Nao, wapenda mzaha wale, wakamsomea ng'ombe wale wale kila mlango, na bibi mmoja akamwongezea mvinyo. Aliporudi nilimvua Jicho la Horo nikamvika mtoto. Ya nini tena kwake, na kijicho cha walimwengu hakimpati?

Hatimaye njaa ilimshinda. Akajikokota hadi mferejini wakati wa kugawa mikate ya wafanyakazi, nami nikamfuata.

"Marehemu hana fungu," Userhati akasema. "Anayetaka kufufuka alete shahidi."

Nebseni akanigeukia. Kwa mara ya kwanza sikuona ujanja wowote machoni mwake, na nilimhurumia, ingawa si sana.

"Mama Meri, waambie mimi ni mzima."

Wote wakanitazama. Neno langu moja lingemrudisha duniani, na kama angerudi vile vile alivyoondoka, kesho ningekuwa topeni mimi na mwanangu. Nikamkagua kuanzia utosini hadi miguuni.

"Sura ni ya marehemu mume wangu," nikasema. "Lakini marehemu hakuwahi kushika jembe. Mpeni moja. Akishindwa kuchimba, ndiye yeye, mzikeni. Akiweza, basi si yeye, na huyo nitarudi naye nyumbani."