Macho ya Manjano

Ulimboka alikuwa amevaa buti moja tu Lila alipomwita jikoni. Lila, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, ndiye aliyempangisha chumba pale Hayes, magharibi mwa London. Alimvuta dirishani, akamshika kidevu.

"Macho yako ya manjano, mwanangu. Leo huendi kazini."

Ulimboka alitaka kubisha. Kwenye ghala alikobeba mizigo ya ndege, aliyeugua hakuitwa tena. Ndiyo maana mgongo ulipomzidi, na miadi ya daktari ikawa ya mbali, alipokea kopo la unga wa kijani kutoka kwa Tom, mbebaji mwenzake. Tom alimweleza kuwa ni kratom, majani ya mti wa huko Asia, kitu cha asili tu. Ulimboka akaukoroga kwenye chai, na kweli maumivu yalitulia, akabeba kama kijana.

Baadaye kijiko kimoja hakikumtosha. Akawa hapati choo, chakula kinamchefua. Kila alipojaribu kuacha, jasho lilimtoka, miguu haikutulia na usingizi ulimkimbia. Sasa ngozi ilimwasha, na mkojo ulikuwa umeiva rangi ya kahawa.

Lila aliacha chapati mezani, akampeleka hospitali kwa basi. Daktari alipouliza anatumia dawa gani, Ulimboka akajibu hakuna. Alijua kuuza unga ule kulipigwa marufuku, akaogopa jina lake lisije likafika kwa watu wa uhamiaji kule Croydon.

Lila alimwinamia, akasema kwa Kiswahili, "Hawezi kutibu asichokijua. Kama unanionea haya, nitatoka."

Akainuka. Ulimboka akamshika mkono asiende, kisha akasema yote.

Daktari hakumgombeza. Vipimo vya damu vilionyesha ini limeumia. Alimweleza kuwa kratom huweza kufanya hivyo, na kuna watu inaowatia kifafa, hasa wanaoichanganya na dawa nyingine. Isitoshe, hakuna ajuaye kwa hakika kilichomo koponi. Akiacha kabisa, na wao watamsaidia kuacha, huenda ini likapona.

Akalazwa. Lila alimletea wali laini wa choroko, akakaa mpaka aumalize. Macho yalianza kurudi meupe. Ulimboka alimpigia Tom akamsimulia, na Tom akaahidi kwenda kupimwa.

Siku aliyoruhusiwa, msimamizi wa ghala alipiga simu. Hakumuuliza hali. Alimtaka arudi upesi, kwani aliyechukua nafasi yake ameumia mgongo.

"Mizigo ile siibebi tena," Ulimboka alisema. "Na huyo aliyeumia, mmempeleka kwa daktari?"

Simu ikakatwa. Lila alikuwa ameshabeba begi lake na kutangulia mlangoni. Ulimboka akamfuata, akishukuru moyoni kwamba yeye alipata wa kumpeleka.