Jiko la Njano Ambalo Halikuwahi Kuwashwa

Mzee Orville Hruska hakuwa mtu wa kutaja miaka. Ukimuuliza alioa lini, atakujibu ni mwaka wa nyekundu. Wendell, mwanawe wa kwanza, alizaliwa mwaka wa buluu. Lorna alizaliwa mwaka wa kijani, tena kijani cha majani mabichi, si kile cha kuchujuka kilichokuja baadaye. Hizo zilikuwa rangi za majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, yale ya mviringo yenye miguu mitatu na mfuniko kama kofia. Kiwanda cha mji wao, kando ya mto Fox, kiliyatengeneza, na Orville ndiye aliyeyapulizia rangi tangu ujana hadi kustaafu.

Haikuwa rangi ya brashi. Ulikuwa unga wa kioo, ukakorogwa na maji ukawa tope jepesi, ukapulizwa juu ya chuma, kisha chuma kikaingia tanurini mpaka kioo kikayeyuka na kukishika. Unga huo huo sasa ulikuwa umejaa mapafuni mwake. Alishinda kwenye kiti chake sebuleni, mpira wa hewa puani, mtungi kando ya mguu, na kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Daktari alimwambia Lorna pale mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba theluji haitayeyuka mzee akiwapo.

"Nataka kuku," mzee alisema asubuhi moja.

"Nitakupikia, Baba. Wa supu?"

"Wa kuchoma. Kwenye jiko la njano."

Lorna akakiweka kikombe mezani polepole.

Pale kiwandani ilikuwa desturi kwamba rangi ikifutwa, tope linalobaki chini ya pipa ni halali ya mpulizaji. Baada ya kazi alijipulizia jiko moja la kwake, na msimamizi akajifanya anatazama dirishani. Njano haikudumu. Ilionyesha kila doa la moshi, na akina mama madukani wakaikimbia. Tope la mwisho la njano Orville alilipulizia jiko la mkewe, Agnes. Agnes alilipenda hata akakataa kuliwasha ovyo ovyo. Alisema kuku wa kwanza ataingia humo sikukuu ya uhuru, mwezi wa Julai, na mtaa mzima utaalikwa. Mwezi wa Juni akaanguka bafuni, asiinuke tena. Jiko likafunikwa blanketi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa.

Wendell alipokua ndiye aliyelitoa blanketini. Lakini hakulitoa ili apike. Wendell alikuwa mmoja wa wale watu wanaokusanya majiko ya zamani. Aligeuza gereji ya baba yake kuwa banda la majiko, mifuniko imetundikwa ukutani kwa mfuatano wa rangi. Wanaume wazima walitoka majimbo ya mbali kuja kuyatazama kwa tochi, wakipapasa vishikio na kubishana juu ya umbo la tundu la moshi. Akionyeshwa mfuniko mmoja tu, Wendell alikutajia umetoka mwaka gani. Katikati ya banda, peke yake juu ya meza, lilikaa la njano. Mtu wa Ohio alipoliona alivua kofia.

Lorna akauvuka ua, akamkuta kaka yake analipiga nta.

"Baba anataka kuku wa jiko hilo."

Wendell akacheka. "Mwambie achague jingine. Yamejaa tele humu."

"Ameshachagua."

"Lorna, hivi unajua hiki ni kitu gani? Hakuna njano nyingine ambayo haijaguswa na moto. Siku ukiliwasha linakuwa jiko tu."

"Mama alipewa jiko tu."

"Wewe mambo haya huyajui."

"Yapi? Una majiko banda zima na nyama unakula ya hotelini! Hata soseji hujawahi kuchoma. Ndiyo maana mkeo aliondoka akisema bora angezaliwa mfuniko."

Wendell akaacha kupangusa. "Basi, Jumapili. Jumapili nitaliwasha. Usinitolee macho hivyo."

Jumapili moshi ukapanda kweli nyuma ya banda. Mzee akauona dirishani, akaomba anyolewe ndevu. Akavaa shati lake la kitani. Lorna alikuwa hajamwona na uso ule muda mrefu, akageukia ukuta ili asimharibie.

Wendell akaingia na sahani. Paja la kuku, limeiva vizuri, linang'aa.

"Karibu, mzee. Kutoka kwenye njano yako."

Mzee akalitazama paja. "Niletee mfuniko wake."

"Una moto bado, Baba."

"Nitangoja upoe."

Wakangoja. Kuku akapoa pia. Mwishowe Wendell akaenda, akarudi amekumbatia mfuniko wa njano kama mtoto aliyetoka kubatizwa, akaulaza juu ya magoti ya baba yake. Mzee akautoa ule mpira puani. Akainamisha kichwa ndani ya mfuniko, akavuta pumzi, pumzi ndefu kuliko zote alizovuta majira yale ya baridi. Akakaa humo. Halafu akainua kichwa na kurudisha mpira taratibu.

"Zuri," alisema. "Zuri kama siku ile lilipotoka tanurini."

Akaisukuma sahani.

"Mbona hujala, Baba?"

"Nimeshiba, mwanangu. Kalifunike, nje kuna baridi."

Kabla Wendell hajauchukua mfuniko, Lorna naye aliinama akanusa. Ulinuka nta na kitambaa safi. Moshi haukuwamo hata chembe.

Wendell alipotoka, Lorna akasimama. "Ametudanganya! Amepika kwenye jiko jeusi. Nakwenda kuliwasha mwenyewe."

"Keti."

"Baba!"

"Keti, Lorna. Nilifanya vitu vizuri mno. Kosa si lake peke yake."

Lakini hakuketi. Alikuta banda limefungwa kufuli na Wendell amesimama mlangoni, ufunguo mfukoni.

"Hakuna aliyeumia," Wendell alisema. "Alifurahi. Umemsikia mwenyewe."

"Alinusa, Wendell. Yule mtu amevuta vumbi la majiko haya maisha yake yote, wewe ukadhani pua yake imekufa?"

Wendell akafumba macho. "Alijua?"

"Alijua, akakusitiri."

Theluji ikawaangukia wote wawili mabegani. Wendell akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba, kwamba atafanya, kweli atafanya, ila kuna jamaa wa kamera anakuja katikati ya wiki, lipigwe picha lile la njano kwa mara ya mwisho. Akishaondoka tu. Lorna akamsukuma kifuani, akarudi ndani.

Yule wa kamera alifika. Akiwa bado anapanga taa zake bandani, mzee akavuta pumzi moja na nyingine haikufuata.

Baada ya maziko nyumba ilijaa majirani, sahani za viazi, na mikate mitamu ya jamu aliyoipenda marehemu. Lorna alikuwa anamimina kahawa alipoona moshi nyuma ya banda, mweusi, mwingi mno. Akatoka vile vile bila koti.

Wendell alikuwa kwenye theluji na suti yake ya mazikoni. Jiko la njano lilikuwa mbele yake, limejazwa mkaa hadi juu, linanguruma. Kuku mzima alikuwa akiungua upande mmoja.

"Matundu ya chini," alisema bila kugeuka, "yanafunguliwa au yanafungwa?"

Mtu aliyeujua mwaka wa kila tundu!

Moto ukampiga usoni Wendell alipofunua. Akaurudisha mkono nyuma, na kama alivyozoea bandani, ambako alitandika shuka jeupe chini ya kila kitu, akaulaza mfuniko kwa upole juu ya theluji.

Ulilia. Kwanza mlio mmoja mkali, halafu mingi midogo kama bisi zinazoruka chunguni. Rangi ya Agnes ikaruka vipande vipande, na palipobaki pakawa chuma cheusi.

Wendell akapiga magoti. Akaanza kuokota magamba ya njano kwenye theluji, moja moja, akiyatia kofiani mwake. Vidole viliungua na hakuacha.

"Nilisahau," alisema. "Lorna, nilisahau ni la moto."

Lorna akachukua koleo, akamgeuza kuku. Huku mkaa, huku damu. Akatafuta mahali palipoiva, karibu na mfupa wa kidari, akang'oa nyama kidogo akala. Kisha akang'oa nyingine, akamtia kaka yake mdomoni, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

Wendell akatafuna huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Hukutia chumvi," Lorna alisema.