Fimbo ya Alama Kumi na Mbili

Fimbo ya kupimia ya marehemu dada yangu ina urefu wa mita moja kamili. Aliichonga mwenyewe alama zinazoigawa sehemu kumi na mbili sawasawa. Nilirithi fimbo hiyo pamoja na mkasi na cherehani yake, lakini sikuwahi kumwuliza kwa nini kumi na mbili. Alipopima, alipitisha ukucha juu ya alama, ka, ka, ka. Baki la kila kitambaa alilifunga kwenye msumari wa ukutani, kwa fundo la mkono wake wa kushoto ambalo hakuna mwingine aliyeliweza.

Mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na miwili, nimeanza masomo ya jioni. Nilimwomba Mungu miaka mingi anifungulie mlango huo. Sasa tumefika kwenye hesabu za sehemu na namba mchanganyiko.

Jumamosi moja mchana, binti wa dada alileta kitambaa cheupe alichonunuliwa na mama yake kabla hajafa, mita nne na robo. Alitaka gauni la harusi na mtandio wake.

"Kitambaa hiki hakipatikani tena, mama mdogo. Ukikosea, ndiyo basi."

"Nikosee nini? Siku hizi mimi msomi."

"Msomi wa jioni! Kukicha umesahau yote."

"Cheka tu. Utakuja kuniomba nikufundishie wanao."

Gauni lilihitaji mita mbili na nusu, mtandio mita moja na theluthi mbili. Nikafungua daftari. Mbili na moja, tatu. Kisha nusu na theluthi mbili: juu, moja na mbili ni tatu, chini, mbili na tatu ni tano. Jumla, mita tatu na tatu ya tano.

"Inabaki zaidi ya nusu mita," nikamwambia. "Nitakutolea na mkoba."

Akafurahi, akaenda dukani kutafuta vifungo.

Nilisali kama nifanyavyo kila ninapotaka kukata, nikaanza na nusu mita ya mkoba. Mkasi haukufunga. Nikaujaribu kwenye kitambaa kingine, ukakata kama wembe. Nikaurudisha kwenye kile cheupe, ukakwama mdomo wazi, kana kwamba kuna mtu ameushika.

Ndipo nikasikia: ka, ka, ka.

Fimbo ilikuwa imelala mezani, haikuguswa na mtu. Sauti ilipita polepole juu ya alama, ikasimama kwenye ya sita. Kimya. Ikaanza upya mwanzoni, ikasimama kwenye ya nane.

Nikamtaja Mungu kwa sauti. Lakini sikukimbia, maana mlio wa ukucha ule niliujua tangu utotoni.

Alama sita ni nusu ya fimbo. Alama nane ni theluthi mbili zake. Nikakumbuka maneno ya mwalimu, niliyoyaandika bila kuyaelewa: sehemu zenye asili tofauti, yaani namba ya chini, hazijumlishwi mpaka uzipe asili moja. Sita na nane ni kumi na nne, yaani fimbo nzima na alama mbili. Basi jumla ni mita nne na alama mbili. Kitambaa kilikuwa mita nne na robo, na robo ni alama tatu. Inabaki alama moja tu! Ningekata mkoba, binti angeolewa bila mtandio wa mama yake.

"Nimeelewa, dada," nikanong'ona.

Mkasi ukalegea. Nikakata gauni, nikakata mtandio, vyote vikatosha.

Binti aliporudi akauliza, "Mkoba wangu uko wapi?"

"Hakuna mkoba. Nilikosea hesabu, nisamehe mwanangu."

"Si nilisema? Msomi wa jioni!"

"Kilichobaki ni kiukanda cha alama moja. Kiko hapo mezani."

Mezani hakikuwepo. Binti akatazama ukutani, na kicheko kikamkauka. Juu ya mabaki ya zamani yaliyojaa vumbi, kiukanda cheupe kilining'inia msumarini, kimefungwa fundo la mkono wa kushoto.

"Mama mdogo, nani amekifunga?"

Nikachukua fimbo, nikakipima upana palepale kilipokuwa. Alama moja, haizidi, haipungui.