Wenzi Tisa wa Bi Time

Bi Time wa Mtambile, kisiwani Pemba, alianza kusahau taratibu, kwa adabu. Kwanza mchuzi ukatiwa chumvi mara mbili, na mumewe, Mzee Vuai, akaumaliza. Kisha mbuzi akaitwa kwa jina la wifi yake, na wifi mwenyewe yupo hapo ukumbini. Mwisho akaenda kwa jirani kuomba kibiriti, akakaa, akapika, akapakua, na mwenye nyumba aliporudi kutoka shamba, Bi Time akamkaribisha kama mgeni. Hapo Vuai akasema, "Yakhe, twende tukatazamwe."

Unguja walikuwapo madaktari waliokuwa wakiwapiga wazee picha za ubongo. Walitaka kujua, katika wenye usahaulifu mdogo, nani atafika kwenye ule mkubwa, unaomfanya mtu asimjue mwanawe. Bi Time akalazwa ndani ya mashine yenye mdomo kama wa pipa. Ikamgongea mabati masikioni mpaka akaisoma Yasini yote, akaianza tena kwa kuwa hakuwa na hakika kama aliimaliza.

Daktari alikuwa binti mpole aitwaye Shamima. Aliwaonyesha picha kwenye kompyuta, akagusa sehemu mbili ndogo, moja kulia na moja kushoto.

"Hapa ndipo mambo mapya yanapowekwa, mama. Pako pamepungua kidogo. Tumelinganisha na picha za wazee wengi. Katika kila watu kumi wenye picha kama hii, sita huingia kwenye maradhi ya kusahau ndani ya miaka mitatu. Wanne hubaki walivyo."

Bi Time aliitazama ile picha kama anayetazama papai lililokatwa. "Na mie ni wa ngapi?"

"Hilo hatulijui."

"Mnajua watakwenda sita, hamjui nani?"

"Ndivyo, mama."

"Na hao tisa wengine, wako wapi?"

Shamima akadhani anataniwa. "Wapo tu, mama, huko na huko," akajibu huku akitabasamu.

Laiti angenyamaza. Ndani ya boti, walipoikaribia bandari ya Mkoani, Bi Time akamgeukia mumewe. "Ukiambiwa katika sahani kumi sita zitavunjika, utafanya nini?"

"Nitazishika zote vizuri."

"Utazishikaje, nawe hujui ziliko?"

Vuai akaona maneno hayo yana haki. Siku ya pili akaanza kuwaulizia hao tisa.

Haikuwa kazi ngumu. Kisiwa hakikuwa na uhaba wa wasahaulifu. Wingwi alipatikana Mzee Abrahman, aliyekwenda kuhani msiba akakosea nyumba, akawaliza watu harusini. Chake Chake alikuwapo Bi Dhanlaxmi, mwenye duka la vitambaa, ambaye alipima kitambaa kile kile kutwa nzima asikikate. Kutoka kisiwa kidogo cha Makoongwe akaja mvuvi aliyevuka hadi Mkoani, akasahau alilolijia, akarudi kwao kuuliza, akaambiwa, akavuka tena, akasahau tena. Wengine wakaletwa na wana wao, ambao walishukuru na kuondoka upesi. Hakuna hata mmoja aliyepigwa picha, lakini Bi Time aliwatazama machoni mmoja mmoja, akaridhika kuwa ndio wenyewe.

Alhamisi baada ya alasiri wakakusanyika uani kwake, penye majamvi ya kuanikia karafuu. Palikuwa na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Wakajihesabu, wakawa tisa, kwa sababu kila aliyehesabu alijisahau mwenyewe. Wakajihesabu tena, wakawa kumi na moja, kwa sababu walimtia Vuai. Vuai akaambiwa asogee kando.

Bi Time akawaeleza maneno ya daktari kama alivyoyasikia. "Sita watakwenda. Bora tupatane wenyewe kuliko kuviziwa."

Watu wakanywa chai. Kisha Mzee Abrahman akaweka kikombe chini.

"Mie nitakwenda. Nimegombana na ndugu yangu kwa mpaka wa shamba tangu ndevu zangu nyeusi. Nimechoka kukasirika. Nikisahau, ntapumzika."

Akaombewa dua. Ajuza mmoja akasema naye atakwenda, mradi aachiwe sura zake za kuswalia. Mjane mmoja akajitoa ili asahau siku mumewe alipofariki, akafikiri, akauliza kama mume mwenyewe atabaki. Alipoambiwa haijulikani, akakataa, halafu akakubali kwa kuwa dada yake, aliyekaa ubavuni pake, alikuwa keshakubali. Bi Dhanlaxmi akakataa katakata. "Nikienda mimi, mwanangu Pratik atauza hariri kwa bei ya kaniki."

Pamoja na yule mvuvi, wakapatikana watano. Wa sita akakosekana. Kila mtu akatazama birika.

Bi Time akaona haya. Yeye ndiye aliyewaita, na moyoni alijua kwa nini: sita wakishatimia, yeye atakuwa salama. Sasa akaona hawezi kumwomba mtu aende kwa niaba yake.

"Mie naingia," Vuai akasema kutoka kule kando.

"Weye huna usahaulifu," mkewe akamwambia.

"Nitajifunza."

Wakalijadili. Mzee Abrahman, aliyekwisha kujiona mkubwa wa kikao, akatoa uamuzi: mtu asiyesahau haruhusiwi, kwa kuwa watakuwa kumi na moja na hesabu ya daktari itaharibika. Vuai akakaa, akakunja miguu, akanuna. Bi Time alimtazama kwa muda mrefu. Kwa miaka yote ya ndoa yao hajapata kuambiwa neno zuri kama lile.

Wakampigia Shamima, simu ikawekwa sauti kubwa juu ya jamvi. Wakamweleza walipofikia na walipokwama. Vuai akaiinua simu kutazama kama chaji imekwisha.

"Mama," Shamima akasema hatimaye, "hili halina kujitolea. Nyinyi kumi mnaweza kubaki wote. Mnaweza kwenda wote. Ile ni hesabu ya watu wengi sana."

"Kwa hivyo Abrahman hawezi kwenda mahali pangu?"

"Hawezi, mama. Lakini msiache kukutana. Tembeeni, zungumzeni, pimeni presha. Hayo yanasaidia."

Mzee Abrahman ndiye aliyeumia zaidi. Alipokwisha kujitoa, kwa kutegemea kuwa atasahau, alikuwa amemtumia ndugu yake salamu kuwa amemwachia mpaka.

Hawakuacha. Kila Alhamisi walikuja wale waliokumbuka, na waliosahau wakapitiwa majumbani kwao. Mwaka wa pili wawili wakawa hawajui tena wanapokwenda, na mmoja wao alikuwa Bi Dhanlaxmi. Abrahman hakusahau kitu. Mpaka wa shamba aliukumbuka mnazi kwa mnazi, ikabidi amsamehe ndugu yake upya kila alipoamka. Picha ya pili ya Bi Time ikaonyesha pale mahali pamepungua tena, na Shamima safari hii hakutaja watu kumi.

Alhamisi moja Bi Dhanlaxmi akamshika Bi Time mkono, akawaangalia watu wote uani. "Dada, hawa ni nani?"

"Wenzetu," Bi Time akasema.

"Wenzetu wa nini?"

Bi Time akafungua mdomo kumjibu. Akalitafuta jibu, akalikosa. Akamtazama Vuai, akaona macho yake yamejaa maji, asijue kwa nini.

"Wa chai," akasema, na akammiminia.