Video Iliyoishia Mwamgongo

Wimbo ulikuwa wa Révérienne, kwa hiyo darasa zima lilidhani video nayo ingekuwa rahisi kwake. Alikuwa kidato cha pili, msichana mrefu mwenye sauti nzito isiyolingana na wembamba wake. Shuleni walimwita Reve kwa sababu jina lenyewe liliwashinda.

Alifika Kigoma mwaka 2015, katika lile wimbi la Warundi waliovuka mpaka wakakaa kwanza Kagunga, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga uliobanwa kati ya mlima na ziwa. Walikuwa watatu: yeye, mdogo wake Petero, na mama yao. Watu walikuwa wengi kuliko ardhi. Kipindupindu kilipoingia, wagonjwa waliwahishwa Kigoma kwa boti ndogo za injini, na wazima wakabaki kusubiri meli. Mama yao alibebwa hadi kwenye boti hali hana nguvu ya kuinua shingo. "Mshike mdogo wako mkono," alimwambia Reve. "Mtanikuta huko."

Hawakumkuta. Mama mkubwa Marcelina, ndugu wa ukoo ambaye wazazi wake walikimbilia Ujiji tangu mwaka 1972, aliwapokea nyumbani kwake Kasingirima, akawa anazunguka hospitalini na kwenye mahema ya wagonjwa akiuliza. Jina halikuonekana popote, si kwa walio hai, si kwa waliokufa. Miaka miwili sasa mama yao alikuwa hayupo wala hakuwa marehemu. Petero, mwenye miaka saba, alikuwa na swali lake kila anaporudi kutoka shule: "Amefika?" Na Reve alikuwa na jibu lake: "Bado."

Wimbo ulitoka humo. Beti zilikuwa za Kiswahili, kiitikio kilikuwa cha Kirundi: *Mawe, ngwino dutahe.* Aliuimba siku moja kwenye mahafali ya kidato cha nne, mpishi wa shule akafuta macho kwa khanga. Kwa hiyo yalipotangazwa mashindano ya video za muziki kwa shule za mkoa, hakuna aliyebishana kuhusu wimbo upi uende.

Kikundi cha video kilikuwa chini ya mwalimu Nikodemu, mwalimu wa Kiswahili. Kiongozi alikuwa Winfrida, binti wa mtaa wa Mwanga aliyependa kupanga mambo hadi yapangike. Kamera ilikuwa simu ambayo mwenzao Jeremia aliazima kwa kaka yake, na Jeremia hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

"Mimi naona hivi," Jeremia alisema kwenye kikao cha kwanza, akichora ubaoni. "Beti ya kwanza, Reve anatembea ufukweni. Ikifika kiitikio, tunaonyesha mawe. Pale Katonga kuna mawe makubwa kinoma, mawimbi yanapiga, pwaa! Halafu mawe mengine, halafu mengine."

"Kwa nini mawe?" Winfrida akauliza.

"Si ndivyo anavyoimba? Mawe, mawe."

Reve alicheka, jambo ambalo wenzake hawakulizoea, akaziba mdomo. "Mawe si mawe," alisema. "Kwetu mawe ni mama. Nasema, mama, njoo twende nyumbani."

Jeremia alifuta mchoro wake taratibu.

Mwalimu Nikodemu, aliyekuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari, aliweka kalamu chini. "Mmeona? Mlikuwa mnakwenda kupiga picha za jambo msilolijua. Kamera isitolewe mfukoni mpaka muulize. Boti za wakati ule zilikuwaje? Watu walibeba nini? Walivaa nini, walipita wapi? Reve hawezi kujua yote. Alikuwa mtoto na alikuwa na mambo yake. Nendeni kwa watu wa ziwani."

Wakaanza na Katonga, jioni ya Jumatano, boti za dagaa zikijiandaa kutoka. Winfrida aliuliza, Jeremia akarekodi sauti, Reve akasimama pembeni. Mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa aliwaambia kwamba wao Katonga waliona watu wakishafika mjini tu. "Mkitaka habari za njiani nendeni Mwamgongo," alisema. "Boti za kutoka Kagunga zilikuwa zinapumzika kule. Zikiharibika ni kule, mgonjwa akizidiwa ni kule."

Winfrida alifurahi. Baba yake mdogo alikuwa na boti ya abiria iliyokwenda vijiji vya kaskazini, nafasi ingepatikana Jumamosi. Walipoiacha Katonga nyuma na kuanza kupanda kijilima cha kurudi mjini, Reve alisimama.

"Mimi sijapanda chombo cha majini tangu siku ile tuliyotoka Kagunga," alisema.

"Basi usiende," Winfrida alisema. "Tutakuletea sauti."

"Nitakwenda. Wimbo ni wangu."

Jumamosi ziwa lilikuwa tulivu. Walipita misitu ya Gombe ikiwa mkono wa kulia, kijani kizito kinachoshuka hadi majini, na Reve alikaa katikati ya boti, kichwa ameinamisha, ameshika ubao kwa mikono miwili. Winfrida alimwekea begi lake mapajani ili apate kitu kingine cha kushika. Walipofika Mwamgongo alishuka wa kwanza, akatembea haraka hadi mchanga mkavu, akawasubiri hapo.

Mwenyekiti wa kitongoji aliwapeleka kwa Bi Mwanvua. Alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, mjane, anayekausha samaki wa migebuka na kuwauzia wachuuzi wa mjini. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kutoka ufukweni. Wakamwamkia, akawakaribisha jamvini, akasikiliza shida yao huku akiendelea kupasua samaki.

"Video ya muziki," alisema. "Na mnataka kujua nini?"

"Shangazi, tunataka kujua watu walivyopita hapa mwaka ule," Winfrida alisema. "Chochote unachokumbuka."

Jeremia aliweka simu kwenye jamvi, akabonyeza.

Bi Mwanvua alieleza vizuri, bila haraka. Alieleza boti zilivyokuwa zimejaa mpaka ukingo unakaribia maji. Magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Mbuzi mmoja ambaye mwenyewe alikataa kumwacha. Watoto waliovalishwa nguo tatu, moja juu ya nyingine, kwa kuwa hakukuwa na mkono wa kubebea mzigo. Winfrida alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Nguo tatu, hilo lingeonekana vizuri sana kwenye picha.

"Na wagonjwa?" akauliza.

Kisu kilisimama. "Wagonjwa walikuwa wakipita. Mmoja tu ndiye aliyeshushwa hapa kwangu. Mwanamke. Wenye boti waliona hafiki Kigoma, na wengine walikuwa wanapiga kelele kwamba atawaambukiza. Wakamlaza pale mchangani wakaondoka. Mimi nikasema, huyu ni kiumbe wa Mungu. Tukamchukua na binti yangu, tukampa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Yanaingia, yanatoka. Alikuwa akisema Kirundi na mimi Kiha changu, tulisikilizana."

"Alisema nini?"

"Alisema ameacha watoto wawili Kagunga. Alikuwa na wasiwasi mdogo atamponyoka mkubwa kwenye watu wengi. Alilitaja jina la yule mdogo mara nyingi kuliko alivyoomba maji. Petero. Petero, Petero, mpaka sauti ikakatika."

Winfrida alinyoosha mkono kuizima simu, akasita, hakujua kama ni vibaya zaidi kuizima au kuiacha. Jeremia alikuwa anamwangalia Reve.

Reve hakuwa analia. Aliuliza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, na baadaye ndipo alipowaambia wenzake alichouliza: kama mwanamke yule alikuwa na ukucha kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Bi Mwanvua alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wafike. Alimtazama hasa, kuanzia miguuni. Akanawa mikono kwenye beseni, akajifuta, akasogea kwenye jamvi.

"Hakuwa nao," alisema. "Nilidhani ni ugonjwa."

"Lilikuwa jembe," Reve alisema. "Tulikuwa tunalima maharage. Mimi ndiye niliyempasulia kitambaa cha kufunga."

"Mwana wanje, mwanangu," Bi Mwanvua alisema, akamvuta kifuani.

Kilio kilichotoka kilikuwa kikubwa, na majirani walikuja wakidhani kuna msiba. Wakaambiwa ndiyo, upo.

Kaburi lilikuwa nyuma ya mashamba ya muhogo, mahali ambapo maofisa wa afya walielekeza. Walizika kwa haraka siku ile, wakamwaga chokaa. Bi Mwanvua alikuwa akipalilia hapo kila alipopalilia muhogo wake, kwa hiyo palikuwa safi. Alimpa taarifa mwenyekiti wa wakati ule, na mwenyekiti akapeleka mbele, lakini jina hakuwa nalo na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza.

"Nilikuwa nikimwombea kwa kusema mgeni wangu," alisema. "Aliitwa nani?"

"Jeneroza. Jeneroza Ndayikunda."

Bi Mwanvua alilirudia jina hilo mara mbili, ulimi ukijifunza. Reve alipiga magoti akashika udongo, akakaa hivyo mpaka mwenye boti alipotuma mtu kuwaita.

Marcelina aliambiwa habari hizo akiwa jikoni, akakaa chini palepale karibu na sufuria ya mawese. Hakumlaumu Reve kwa kwenda. Alisema tu, "Nilitafuta mjini, mwanangu. Sikujua kutafuta njiani." Matanga wangeyaweka, wangemwita katekista, wangekwenda Mwamgongo. Lakini Petero aambiwe kwanza. "Na mwambie wewe. Akiambiwa na mimi atadhani nimechoka kusubiri."

Reve hakuweza kumwambia siku hiyo, wala kesho yake. Petero alirudi kutoka shule, akauliza, naye akasikia mdomo wake ukisema, "Bado."

Shuleni mwalimu Nikodemu aliita kikundi. Alikuwa amekwisha kusikia. "Mimi ndiye niliyewatuma," alisema. "Reve, sikujua."

"Najua, mwalimu."

"Tunaweza kujitoa mashindanoni. Hakuna atakayetulaumu."

Jeremia aliomba kusema. Alisema kwa nia njema, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kumkatiza. Alisema sauti ya Bi Mwanvua waliyonayo kwenye simu ni kitu ambacho hakuna shule nyingine itakuwa nacho. Kwamba ikiwekwa mwanzoni, kabla ya wimbo, watu wote watalia, na dunia itajua.

"Jerry," Winfrida alisema.

"Nasema tu. Kwa heshima ya mama yake."

Reve alimgeukia Jeremia. "Pale mama yangu anakufa," alisema. "Huwezi kuweka muziki juu yake."

Jeremia aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, dada." Kisha akatoa simu mfukoni, akampa, yeye ambaye hakuwahi kumpa mtu simu ile. Reve hakuifuta sauti. Aliomba ihamishiwe kwenye kadi ya memori, akampa Marcelina aiweke sandukuni kwa ajili ya Petero, akikua na akitaka mwenyewe.

"Na wimbo?" Winfrida akauliza. "Tunaweza kubadilisha kiitikio."

"Ule siwezi tena kuuimba. Nilikuwa namwita mtu. Sasa nikimwita ninajua." Hakumaliza, na hawakumtaka amalize.

Shule ilipeleka wimbo mwingine, kuhusu wavuvi wa dagaa, uliotungwa kwa wiki moja. Jeremia alipiga picha zake Katonga na zilikuwa nzuri. Hawakupata nafasi yoyote. Winfrida alilia siku ya matokeo, kisha akaona aibu kwa kulilia jambo hilo, akaenda Kasingirima kumsaidia Reve kufua.

Walikuwa wanafua nguo za safari ya Mwamgongo, na Petero alikuwa bado hajaambiwa. Petero aliona gauni jeusi la mama mkubwa kwenye kamba, akaona na shati lake jeupe la kanisani, na kesho haikuwa Jumapili.

"Tunakwenda wapi?"

Winfrida aliondoka polepole akaingia ndani. Reve alikausha mikono, akakaa kwenye kizingiti, akamwambia yote bila kupunguza: boti, mchanga, maji ya chumvi na sukari, jina lake lililotajwa mpaka sauti ikakatika. Petero alisikiliza akibandua rangi ya mlango kwa ukucha.

"Kwa hiyo haji."

"Haji."

"Mimi simkumbuki uso," Petero alisema, akaacha kubandua rangi. "Nilikuwa nakuuliza kama amefika kwa sababu nilitaka nimwone. Akipita barabarani siwezi kumjua. Sikukwambia."

Reve alimshika. Alijaribu kumweleza: pengo la jino la mbele, shingo ndefu, namna alivyokuwa akicheka bila sauti. Akaona kwamba hata yeye alikuwa na vipande tu, na kwamba havishikani. Picha hawakuwa nayo hata moja. Nyumba yao ya Burundi iliungua na kila kilichokuwamo.

Kesho yake walikwenda na Marcelina na katekista, pamoja na Winfrida, Jeremia na mwalimu Nikodemu aliyebeba msalaba wa mbao begani safari nzima ya boti. Jina liliandikwa kwa rangi nyeupe. Bi Mwanvua aliwasubiri ufukweni amevaa khanga safi, akasimama nyuma kidogo wakati wa sala, mikono ameikunja, midomo ikitaja sala zake.

Ilipokwisha, Petero alimwendea. Alimshika ncha ya khanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ulimwona uso?"

Bi Mwanvua alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Alimtazama muda mrefu, paji la uso, mashavu, kidevu, kama mtu anayelinganisha.

"Nilimwona," alisema. "Alikuwa kama wewe. Ila amechoka."

Petero aliitikia kwa kichwa. Kisha akarudi akasimama karibu na dada yake, akawa akijigusa uso taratibu kwa vidole, chini ya macho, puani, kidevuni, wakati wakubwa wakishindilia udongo.