Pazia Mgungani

...makofi ya kilo, anasema, matatu ya pamoja, kana kwamba ametugawia pepo, na la kwanza limeshapigwa, paa, wamepiga wote isipokuwa mimi, mikono yangu imekwama mapajani kwa sababu nimeinua macho nikaliona pazia langu, lile la sebuleni, la maua mekundu, limenasa kwenye mgunga juu ya kichwa cha huyu bwana wa mipango ya mji, juu kabisa, wala si upepo ulioliweka pale, ni mto, mvua za mwaka jana, alfajiri ile ulipoingia kwangu bila hodi ukabeba ukuta, kitanda, cherehani ya marehemu mume wangu Ishaq, nikatoka na Nasiha mgongoni, maji kifuani... na leo bwana huyu yuasimama chini ya pazia hilo atuambia, wananchi, mji wetu wa Voi unakua, hapa ni pakavu, hapa ndipo mtakapojenga, pakavu, ndiyo, hata sahani huwa kavu kabla ya kupakuliwa, na mbona vigingi vya viwanja vya kule mwinukoni, upande wa Maungu, hatuonyeshwi, vya nani vile, si vya wao wenyewe wajuao kuwa maji hufuata mkondo, hasira inanipanda hadi masikioni, na Lois, jirani yangu wa hemani, ananigonga kiwiko, "Piga makofi, Mama Nasiha, wanaangalia nani hapigi," naye ni mtu wa Mwanda, mtoto wa milimani, aliniambia mwenyewe babake hakupanda hata mhogo kwenye njia ya maji, lakini apiga, paa, la pili, kwa kuwa asiyepiga jina lake litarukwa kwenye orodha ya viwanja, na jina langu likirukwa Nasiha atalala tena hemani na kifua kile kinachokoroma kwa baridi, mwanangu... nikipiga je, nitamlaza kwenye njia ya mto ule ule uliomfuata, nishukuru na kushukuru, nipigie makofi jeneza la mtoto wangu? Hema linavuja lakini haliondoki na mtu. Bwana ameinua mikono kwa la tatu, anatabasamu, pazia linapepea juu yake na hatazami, sisi sote tunaliona, Lois ameliona, mikono yake imesimama hewani, na yangu bado iko mapajani, sipigi, waliruke jina, nitainuka, sitasema mengi, nitamwomba tu aniangulie pazia langu.